Nilimwona kwa Macho Yangu

Kila mpenda vitabu ana hadithi yake ya "nilimwona". Mmoja alimwona mwandishi fulani benki, kapanga foleni kama sisi wengine. Mwingine alikaa naye kwa daktari wa meno, wote wawili wameshika shavu. Mwingine alimkuta sokoni akivutana bei na muuza samaki, na huko kuvutana ndiko anakokukumbuka kuliko riwaya zote za mzee huyo. Tunazipenda hadithi hizi, tunazirudia kila tukikutana, na kusema kweli nyingi ni mbovu. Mbovu kama hadithi, namaanisha. Ukizipekua ndani hukuti kitu: fulani alikuwepo, na mie nilikuwepo, basi. Msimuliaji anatua jina mezani halafu anakutazama usoni akisubiri ushangae.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikizisoma zile ambazo waandishi wenyewe wamezitia vitabuni na magazetini. Utafiti si sababu. Ninayo ya kwangu, nimeisimulia karibu miaka ishirini, na hivi karibuni imenitia matatani. Nitafika huko.

Tuanze Paris. Mwaka 1981 Gabriel García Márquez aliandika katika gazeti la New York Times juu ya siku alipomwona Ernest Hemingway. Ilikuwa siku ya mvua mwaka 1957, kwenye barabara ya Saint-Michel. Hemingway anapita upande wa pili na mkewe, Mary Welsh, kavaa suruali iliyochakaa, shati la drafti na kofia ya mcheza besiboli. Márquez ni mwandishi wa habari kutoka Colombia, ana riwaya moja tu iliyochapishwa, na pale Paris hana mbele wala nyuma. Anashindwa kuamua: avuke akaombe mahojiano, au avuke akamwambie tu jinsi anavyompenda? Tena Kiingereza chake ni cha kuungaunga, na Kihispania cha Hemingway hana imani nacho. Mwishowe havuki. Anaweka viganja mdomoni kama Tarzan na kupiga kelele neno moja, "Maestro!" Hemingway anageuka, anapunga mkono, anamjibu kwaheri kwa Kihispania, anaendelea zake. Hawakuonana tena.

Ndiyo habari yote hiyo. Kinachonifurahisha ni kwamba Márquez anaimaliza upesi, halafu sehemu kubwa ya makala inahamia kwenye kazi yenyewe: Hemingway na Faulkner kama walimu wake wawili, na jinsi mwandishi anavyofungua kitabu cha mwenzake kama fundi saa, aone kimeungwaje. Yule mtu wa barabarani anaachwa apite. Lakini kabla hajapita, katazamwa vizuri. Márquez anaona kwamba jitu lile lililotaka lionekane na nguvu lina nyonga nyembamba na miguu iliyokonda. Hakuna picha ya siku hiyo, na nashukuru haipo. Siku hizi ukimkuta mtu maarufu unataka selfi, na ili upige naye selfi lazima kwanza umpe mgongo.

Kuna kadosari kamoja kwenye makala ile. Márquez anasema siku hiyo alikuwa na miaka 28. Alizaliwa Machi 1927, kwa hiyo mvua ile ilimkuta ametimiza 30. Simlaumu hata kidogo. Kwenye hadithi za nilimwona wote tunajipunguza: tunakuwa wadogo zaidi, maskini zaidi, waoga zaidi, ili yule mwingine azidi kurefuka.

Niseme pia kidogo juu ya lile neno moja. Nilipolisoma mara ya kwanza niliwaza kwamba sisi Waswahili shida ile hatuna. Márquez ilimbidi atafute neno la kumpa mtu asiyemjua lakini anayemheshimu. Sisi tunalo tangu utotoni, halichagui maarufu na asiye maarufu, na jibu lake linajulikana. Shikamoo. Marahaba. Mlango umefunguliwa na umefungwa kwa wakati mmoja. Heshima imetolewa, heshima imepokelewa, na hakuna aliyejua kama unamwamkia mwandishi mkubwa au mzee yeyote mwenye mvi. Ndiyo uzuri wake. Kwa msimuliaji ni hasara, kwa sababu ukishasema shikamoo hadithi inaweza ikaishia hapohapo. Yangu iliishia hapo.

James Boswell yeye hakubahatika na salamu rahisi. Jioni ya tarehe 16 Mei 1763, kijana huyu Mskoti wa miaka 22 alikuwa kwa Tom Davies, muuza vitabu wa Russell Street, London, wamekunywa chai. Mara akaingia Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, mtu ambaye Boswell alikuwa akitamani siku nyingi kumwona. Boswell alijua Johnson hawapendi Waskoti, akamwomba Davies asitaje kwao. Davies akataja palepale. Boswell akajitetea kwamba ni kweli katoka Scotland, ila afanyeje, hilo haliko mikononi mwake. Johnson akamjibu kwamba ndivyo wanavyosema wenzake wengi. Utani wenyewe unakaa vizuri hata kwa Kiswahili, maana "kutoka" mahali ni kuzaliwa huko, na pia ni kupakimbia.

Sasa, tukio hili tunalo mara mbili, na Boswell ndiye aliyeandika zote mbili. Ya kwanza ni ya shajara yake ya wakati uleule. Humo Johnson ni mtu mwenye sura ya kutisha: mwili mkubwa, macho yanayomsumbua, kutetemeka, ugonjwa wa tezi, nguo zilizovaliwa ovyo, sauti isiyo na ulaini wowote. Ya pili imo katika kitabu kikubwa cha maisha ya Johnson, kilichotoka mwaka 1791, miaka 28 baadaye. Humo Davies anamwona Johnson kupitia mlango wa kioo na kutangaza ujio wake kama mwigizaji wa Horatio anapomwambia Hamlet kwamba mzuka wa baba yake unakuja. Shajara haikuchapishwa hadi mwaka 1950. Kwa zaidi ya miaka 150, kwa hiyo, wasomaji walikuwa na ule wa mzuka tu.

Ipi nzuri? Ukiniuliza kama msomaji wa michezo ya kuigiza, ya pili. Kioo, sauti ya Davies, kijana kakaa chumba cha nyuma moyo unamdunda. Ni onyesho kamili. Tena Davies aliwahi kuwa mwigizaji kweli, kwa hiyo si ajabu hata kidogo kama alitangaza kwa mbwembwe. Lakini kwenye shajara Johnson yumo chumbani. Unaweza kumnusa. Kwenye kitabu ameshakuwa kivuli. Nilikuwa tayari kumhukumu Boswell kwa hilo, kalamu mkononi, halafu nikakumbuka kitu ambacho nilipaswa kukianza nacho: Johnson alifariki mwaka 1784. Boswell wa shajara anaandika juu ya mtu atakayemwona tena wiki ijayo. Boswell wa kitabu anaandika juu ya marehemu. Mzuka ule hakuuokota ovyo. Anayemngoja mlangoni ni mtu ambaye hatarudi tena, na anamwita kwa njia pekee iliyobaki.

Basi hukumu yangu ikalegea. Natamani ingebaki imelegea hivyohivyo, ingenisaidia mwenyewe, lakini kuna Langston Hughes.

Mwaka 1925 Hughes alikuwa akiondoa vyombo mezani katika hoteli ya Wardman Park, Washington. Akasikia kwamba mshairi Vachel Lindsay, jina kubwa wakati ule, amefikia hapo. Akanakili mashairi yake matatu, akayatia mfukoni mwa sare, na Lindsay alipokuja kula akayaweka kando ya sahani yake, akasema maneno machache, akakimbilia jikoni. Usiku huo Lindsay aliwasomea hadhira yake mashairi hayo. Kesho yake magazeti yakatangaza kwamba mshairi mweusi amegunduliwa akiondoa vyombo mezani, na waandishi wa habari wakawa wanamsubiri kazini.

Hadithi tamu, na shuleni hufundishwa hivyohivyo tamu. Ila wakati huo Hughes hakuhitaji kugunduliwa na mtu. Shairi lake juu ya mito lilikuwa limetoka katika jarida la The Crisis tangu mwaka 1921. Mwaka huohuo wa 1925 alikuwa ameshinda tuzo, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimeshakubaliwa na mchapishaji Knopf. Kilitoka mapema mwaka 1926. Magazeti ndiyo yaliyotaka mwondoa vyombo aliyeokotwa. Mkubwa anakula, mdogo anatetemeka, bahati inashuka: nani asiyeijua picha hiyo?

Hughes mwenyewe alipolisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1940 hakuishia kwenye kushangiliwa, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Anaeleza kilichofuata. Wateja walianza kutaka kumwona huyo mhudumu anayeandika mashairi. Msimamizi wa ukumbi akawa anamwita asimame mbele ya meza ili watu wamtazame. Aliona aibu, akangoja siku ya mshahara, akaacha kazi. Yaani katika wiki chache yule aliyekuwa amemvizia mtu maarufu mezani akawa yeye ndiye anayetazamwa, na watazamaji wale shida yao haikuwa mashairi. Walitaka tu baadaye waseme walimwona. Lindsay, kwa haki yake, aliliona hilo mapema: alimwachia hotelini kitabu juu ya maisha ya Keats, na kwenye kurasa zake tupu akamwandikia barua ndefu ya kumwonya dhidi ya watu wa kumshangilia, na kumsihi ajifiche asome na kuandika.

(Hughes aliyekuwa na miaka sitini hivi alikuwepo Makerere mwaka 1962, kwenye mkutano ule mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika. Humo alikuwemo mwanafunzi mmoja, Ngũgĩ, ambaye alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Mswada ule ndio uliokuja kuwa Weep Not, Child. Mwanafunzi yule alikuwa amealikwa, hakuwa anabeba sahani, lakini kila nikiisoma habari ile macho yangu yanamtafuta Hughes pale pembeni.)

Kuna mmoja zaidi sitaki kumruka, ingawa ni mfupi. Mwandishi wa tamthilia Alan Bennett ni mtoto wa muuza nyama wa Leeds. Mteja mmoja wa duka lao alikuwa na binti aliyekwenda London akaolewa na T. S. Eliot. Siku moja mama yake Bennett akakutana njiani na mteja huyo na mkwewe, akatambulishwa, akaongea nao kidogo, hajui kabisa ni nani. Baadaye mwanawe akamweleza kwamba mtu yule amepata Tuzo ya Nobel. Mama akasema hashangai, kwa koti zuri kama lile alilovaa. Watu hucheka hapo, wakidhani mama ndiye kichekesho. Mimi namwona ndiye shahidi bora kati ya wote niliowataja. Yeye peke yake alikuwa hana sababu ya kuona kitu kingine zaidi ya kilichokuwa mbele yake.

Haya, yangu.

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi Mlimani. Siku hiyo nimepanda daladala ya Mwenge kwenda Posta, imejaa, nimesimama nimeshika bomba. Kwenye siti ya dirishani kakaa mzee ambaye picha yake ilikuwa nyuma ya riwaya iliyokuwa ndani ya begi langu. Jina lake silitaji, utaona kwa nini. Miguuni ana mfuko wa rambo, enzi zile rambo hazijapigwa marufuku. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, bila kunitazama sana. Konda akagongagonga sarafu juu ya kichwa chake: "Mzee nauli hapo, tusaidiane." Mzee akahesabu, akalipa. Tulipofika Makumbusho akasema "Shusha", kisha akaniambia, "Samahani kijana, nipishe." Nikampisha, akashuka. Konda hakujua kamshusha nani, wala haikumpunguzia kitu.

Jioni ileile, bwenini, niliongeza kwamba alikiona kitabu. Si unajua tena, watu wamekaa vitandani wanakusikiliza, utaishia kwenye "nipishe" kweli? Hadi nahitimu alikuwa ameshaniuliza nimefika sura ya ngapi. Nilipoanza kufundisha, mzee alikuwa amekichukua kitabu mikononi, akafungua kurasa za mwisho, akatikisa kichwa na kusema kwamba kama angekiandika upya yule msichana asingemuua. Sentensi hiyo ilikuwa nzuri sana darasani. Wanafunzi walikuwa wananyamaza kabisa. Na kwa kweli sikuwa najiona mwongo. Niliona nawasaidia kukipenda kitabu.

Kisha mwanafunzi mmoja akaiweka kwenye insha yake. Mwandishi mwenyewe, akaandika, alijutia kifo kile, kwa hiyo tunaweza kukisoma kama kosa la kisanaa. Alijenga hoja yake nzima juu ya hapo, tena kwa ustadi. Nikampa alama za juu. Nilifanya nini kingine? Kumwambia hoja ni nzuri ila msingi wake nimeutunga mimi kwenye kitanda cha bweni? Kile kifo, kwa maoni yangu, si kosa hata kidogo. Ndicho kinachokibeba kitabu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiitetea riwaya ile kwenye makala zangu, na wakati huohuo nikiisengenya kwa mdomo wa mwandishi wake.

Mzee akafariki. Kwenye kikao cha wasomaji cha kumkumbuka nikaombwa niseme neno, nikaisimulia. Niliona watu wanafuta macho. Tulipotoka, binti yake akanishika mkono. "Mwalimu, baba alisema hivyo kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema nyumbani hakuwahi kuzungumzia vitabu vyake, hata siku moja, na familia inaandaa kijitabu cha kumbukumbu. Nimwandikie kurasa mbili.

Hapo ndipo nilipokimbilia kwa akina Boswell, nikitafuta wa kunisitiri. Boswell karibu anifae: na yeye aliandika kwa msiba, na yeye alipamba. Lakini tazama alichopamba. Mbwembwe zile ni za mlangoni, namna mtu alivyoingia. Maneno ya kashfa aliyotupiwa yeye Boswell hakuyalainisha ili aonekane alipokelewa vizuri. Kakubali abaki kijana wa Kiskoti aliyeumbuliwa mbele ya watu. Márquez naye angeweza kuvuka barabara kwenye makala, nani angembishia? Mwaka 1981 Hemingway alikuwa na miaka ishirini kaburini. Havuki. Hughes angeweza kuliacha gazeti limtengenezee bahati yake, akaongeza ile aibu ya kusimamishwa mbele ya meza. Kila mmoja wao katika hadithi yake anatoka mkono mtupu, au na kovu. Mimi pekee nilitoka na zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa neno la mwisho juu ya kitabu cha mtu mwingine.

Mwezi uliopita binti akatuma ujumbe. "Mwalimu, shikamoo. Ile kumbukumbu ya baba bado tunaisubiri." Nilikaa nao siku nne. Siku ya tano nikamwandikia yale uliyoyasoma hapo juu, bomba, rambo, nauli, "nipishe", mistari minane haifiki. Chini yake nikaandika kwamba la msichana nililitunga, kwamba nimekuwa nikilisema kwa miaka mingi, na kwamba namwomba radhi yeye na mama yake. Yule mwanafunzi wa insha nimemtafuta pia. Sasa hivi anafundisha, na hilo linanitisha zaidi.

Jibu la binti lilichukua siku mbili. La msichana hakuligusa kabisa. Aliuliza kama nina hakika alishukia Makumbusho. Wao walikuwa wakikaa Sinza, akasema, na Makumbusho hawakuwa na mtu isipokuwa shangazi yao, dada yake baba, na hao wawili nyumbani ilijulikana hawasemezani tangu msiba wa babu. Hakuna mtu aliyewahi kusikia kwamba alikuwa akienda.

Nikamjibu kwamba nina hakika, maana ndipo nilipopata siti.

Akauliza kwenye mfuko mlikuwa na nini. Vitunguu, nikamwandikia, na juu yake fungu la mchicha.